Waandishi wa kigeni huletwa Lamu "kuwaelewa Waislamu". Wa Nairobi wataletwa lini?

Mwana_Langoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum jamvini, na wengine wote hamjambo.

Mliokaa Lamu mnawajua wageni wa aina hii. Wanashuka gatini kikundi kizima, beji shingoni, mbele yao mtu ameshika ratiba. Asubuhi Ngome, halafu makumbusho, halafu wanasimama nje ya Msikiti wa Riyadha wakisimuliwa habari za Habib Swaleh, mwasisi wake. Adhuhuri wali wa nazi na samaki wa kupaka nyumbani kwa mtu mashuhuri. Jioni jahazi, machweo, picha. Kesho yake ndege, Manda. Hao si watalii. Ni waandishi wa habari walioletwa na mpango fulani wa kubadilishana wanahabari ili wazielewe jamii za Kiislamu. Kati ya samaki na jahazi pana nusu saa ya maswali. Mmoja atauliza mnaishije na Wakristo, shekhe atajibu kwa amani, na kalamu zote zitaandika amani.

Mimi ni wa kazi hiyo hiyo, mwandishi wa mashinani, nalipwa kwa stori. Siwacheki. Hata safari ya namna hiyo ni afadhali kuliko mhariri anayeijua Lamu kwa ramani. Ila nataka tulizungumze jambo lenyewe, maana naona juhudi zinamwagwa mahali pasipo na kiu.

Kwanza mizizi yake. Marekani imekuwa ikialika wageni wa fani mbalimbali tangu 1940, kwa mpango ambao leo unaitwa International Visitor Leadership Program. Harvard ilianza mpango wake wa Nieman, wa kuwapa wanahabari mwaka wa masomo, mnamo 1938. Siku hizo Uislamu haukuwa hoja. Hoja ilikuja baada ya Septemba 11, 2001. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mpango wa YES: wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi au wa kutosha, Kenya ikiwamo, wanakaa mwaka wa shule na familia ya Kimarekani. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ukaanzisha Muungano wa Ustaarabu, wazo la Uhispania na Uturuki, ambao baadaye ulipata mpango wake wa kupeleka vijana huku na huku, waandishi wakiwamo. 2006 ukaja mpango wa wanahabari wenye jina la Edward R. Murrow, yule mtangazaji wa CBS. Na kule Honolulu, East-West Center ikawa na semina ya wanahabari waandamizi: Wamarekani na wenzao wa Asia, wanasafiri pamoja pande zote mbili kuuchunguza uhusiano wa Marekani na ulimwengu wa Kiislamu.

Lakini ulionikaa moyoni ni ule uliozaliwa na msiba. Daniel Pearl, mwandishi wa Wall Street Journal, alitekwa Karachi Januari 2002, akauawa. Alikuwa Myahudi, na waliomuua walimlazimisha kulitaja hilo mbele ya kamera. Familia yake ingeweza kufunga mlango na hakuna ambaye angewalaumu. Wakaanzisha wakfu, na kwa kushirikiana na mpango wa Alfred Friendly wakawa wanachukua wanahabari kutoka nchi za Kiislamu na kuwaweka miezi kadhaa ndani ya magazeti ya Marekani. Sehemu ya mpango ilikuwa wiki moja katika Jewish Journal, gazeti la Kiyahudi la Los Angeles. Hebu fikirini mwandishi kutoka Pakistan au Yemen amekaa meza moja na mhariri wa gazeti hilo, wanabishana juu ya kichwa cha habari. Hakupelekwa kuonyeshwa sinagogi na kupewa chai. Alipewa kazi.

Sasa hoja yangu. Jina la Lamu halikuchafuliwa na gazeti la Ohio. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, humu humu kaunti ya Lamu, na Al-Shabaab wakadai ni wao. Ule ulikuwa msiba mkubwa, na walioandika walikuwa na haki ya kuuandika. Mpeketoni iko bara, mwendo mrefu kutoka mji huu wa kale ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini picha iliyowekwa kando ya habari, mara nyingi, ilikuwa ya punda na kanzu kwenye vichochoro vyetu. Kafyu ikaja, wavuvi wakazuiwa bahari ya usiku, vyumba vya wageni vikafungwa. Miaka minne baadaye, 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya ya Lamu, ya mradi wa LAPSSET. Waliokwenda kortini walikuwa Waislamu hawa hawa, wenye kofia hizi hizi. Nani alileta kikundi cha waandishi kuja kuwaelewa siku ile?

Mipango inawachukua Wamarekani kuja kwetu na inatuchukua sisi kwenda kwao. Mhariri wa Nairobi anayepanga ukurasa wa kwanza hajapandishwa boti hata ya Mokowe, ya kuvuka kutoka bara kuja kisiwani. Naomba michango.

---

Kahawa_Tangawizi

Nimeshavuta mkeka. Endeleeni.

---

Kisu_cha_Siyu

Ndugu yangu Mwana Langoni, umeandika vizuri lakini umelizunguka jambo kama paka na uji wa moto. Hayo yote uliyoyataja yana mwenye pesa. Umezitaja wewe mwenyewe tarehe: 2001, 2002, 2006. Ongeza 4 Juni 2009, Obama yuko Kairo anatuambia mwanzo mpya. Ndege zisizo na rubani juu ya Somalia zilisimama? Operesheni ya Linda Nchi, jeshi la Kenya kuingia Somalia, ilianza Oktoba 2011, sisi tuko hapa mpakani tunasikia vishindo. Kambi ya jeshi ya Manda Bay iko hapo, na tarehe 5 Januari 2020 Wamarekani watatu waliuawa ndani yake. Mtu mwenye kambi nyumbani kwako hakuletei mwandishi akuelewe. Anakuletea mwandishi akuhesabu.

Na hata Waislamu wenyewe wanaochaguliwa kwenda kule ni wale wale: wanaojua Kiingereza cha semina, waliozoea posho. Muuza samaki wa Faza hatachaguliwa.

---

Mwana_Langoni

Kaka Kisu, pesa ina mwenyewe, sibishi. Serikali haitoi tiketi kwa mapenzi ya Mungu. Lakini mwenye pesa ananunua tiketi, hanunui macho ya msafiri. Nikupe mfano mgumu kuliko wa Marekani.

China nayo inaalika wanahabari. Ina kituo cha wanahabari wa Afrika Beijing tangu 2014, watu wanakaa miezi kumi. Na kwa upande wa Waislamu, ilipolaumiwa dunia nzima kwa kuwafungia Wauighur, Waislamu wa jimbo la Xinjiang, katika kambi ilizoziita vituo vya mafunzo, ikaanza kupeleka vikundi vya waandishi Xinjiang, wengi wao kutoka nchi za Kiislamu. Ratiba, nyimbo, ngoma, wanafunzi wanaotabasamu. Agosti 2019 kikundi kimoja kilikuwa na Olsi Jazexhi, mwanahistoria na mwandishi mwenye asili ya Albania. Huyu alikwenda akiamini habari za Magharibi ni uzushi, na alitaka kuukanusha. Akawauliza wale "wanafunzi" maswali mepesi: unasali? Ulifanya kosa gani? Wakamjibu mbele ya wenyeji wake. Akatoka pale akisema kinyume cha alichokwenda kukithibitisha, na akaweka video zake hadharani.

Waliokuwa naye kwenye basi lile lile wako walioandika sifa tu. Kwa hiyo nakubali nusu ya neno lako: mpango unaweza kuwa pazia. Nusu nyingine inategemea ni nani kapanda basi, na kama ana swali lake mwenyewe mfukoni.

---

Bi_Mkomani

Nyie wanaume mnabishana Beijing na Washington, mimi nizungumze habari za ukumbini.

Nimewahi kuombwa kuwapitisha waandishi wanawake mitaani, kutafsiri na kuwaingiza majumbani. Niwaambie kinachotokea. Ratiba ile aliyoieleza Mwana Langoni ina wanaume tupu. Gatini wanaume, barazani wanaume, Riyadha wanaume, na shekhe wa chakula ni mwanamume. Chakula kimepikwa na nani? Hilo haliulizwi. Mgeni anaondoka anaandika kwamba wanawake wa Lamu hawaonekani. Hawaonekani kwa sababu hukubisha hodi!

Kuna mmoja, mzungu wa makamo, alikuja na kikundi, akaniambia kwa adabu kwamba ratiba haimtoshi. Mwaka uliofuata akarudi peke yake, kwa nauli yake, akakaa kwa dada yangu. Alifika wakati wa Maulidi. Sikumpeleka kupiga picha. Nilimpa buibui na sinia ya kubeba, akawa mmoja wa wapakuaji. Siku za kwanza hakuandika neno. Baadaye nikamwona na daftari lake jikoni, anaandika bei ya nazi, bei ya mafuta ya taa, nani anamkopesha nani. Maana wanawake walikuwa wanalalamika waume zao hawapati samaki wa karibu tangu bahari ichimbwe kule bandarini. Akatoka na makala kuhusu mwanamke na mkopo wa duka, na bandari imo ndani yake. Dini imo pia, lakini kama ilivyo nyumbani: watu wanasimamisha maneno, wanasali, wanaendelea.

Makala ile niliisoma kwa simu mwenyewe. Sikuona mahali pa kukasirika. Kwa mtu wa Lamu, hiyo ni sifa kubwa.

---

Kahawa_Tangawizi

Bi Mkomani, huyo aliyebeba sinia wakati wa Maulidi na hakuivunja, mpeni uraia.

---

Dawati_la_Usiku

Mimi niko Nairobi, nahariri habari za kaunti, zamu ya usiku kama jina linavyosema. Naona nimeitwa mahakamani bila samansi, basi nijibu.

Moja: mwandishi wa mashinani hachagui kichwa cha habari na mara nyingi hata mimi sichagui. Picha ya punda inawekwa kwa sababu ndiyo iliyo kwenye maktaba ya picha. Ukinitumia picha ya soko la Mpeketoni nitaiweka hiyo.

Mbili: mnasema tunakuja kwa damu tu. Sawa. Lakini damu ikimwagika, Lamu inafunga mdomo. Nimepiga simu kwa wazee, kwa maimamu, kwa wanasiasa. "Niulize kesho." Kesho haifiki. Anayejibu ni msemaji wa polisi. Basi saa tano usiku ukurasa unakwenda mtamboni na maneno ya polisi. Mngetaka nifanyeje?

Tatu, na hili mlipime. Sisi pia tumeandika mengine. Desemba 2015 basi la kwenda Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak, washambuliaji wakataka abiria wagawanywe, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale na akafariki Januari 2016. Habari ile tuliibeba ukurasa wa kwanza na dunia ikaichukua. Haikuhitaji mpango wa kubadilishana. Ilihitaji mtu wa kule aliyeipigia simu chumba cha habari mapema.

---

Mwana_Langoni

Karibu sana Dawati, na asante kwa kuja na uso wako.

La pili ndilo zito. Unajua kwa nini simu haijibiwi? Mtu aliyezungumza na gazeti Jumatatu, Jumatano anaitwa aeleze alijuaje. Vijana wamechukuliwa usiku katika pwani hii na wengine hawajarudi mpaka leo. Halafu wewe unapiga namba ya mzee ambaye hajawahi kukuona, hajui kama wewe ni gazeti au ni kikosi. Sauti ni ile ile ya bara, adabu ya salamu hakuna, swali la kwanza ni "mzee, waliopita hapo ni Al-Shabaab?" Ningekuwa yeye nisingekujibu pia.

Sasa mgeni wa Bi Mkomani akipiga simu ile ile usiku ule ule, atajibiwa. Alibeba sinia. Hiyo ndiyo faida ya kubadilishana waandishi ambayo hakuna anayeiandika kwenye ripoti kwa mfadhili: namba ya simu inayopokelewa siku ya shida.

Kuhusu El Wak nakubaliana nawe bila kigugumizi. Ile ilikuwa kazi nzuri.

---

Mwambao_Malindi

Salamu kutoka Malindi. Naona Lamu mnajiona peke yenu. Na sisi tuna yetu.

Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, hapa nyuma yetu, ulifukuliwa makaburi ya watu zaidi ya 400 waliofuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa. Waandishi wa dunia nzima walijaa Malindi, hoteli ambazo Wataliano walikuwa wamezihama zikapata wageni. Nilizunguka nao. Waliandika kuhusu mhubiri mmoja na kikundi chake, wakatenganisha vizuri kabisa kikundi hicho na Wakristo wengine. Hakuna aliyemsimamisha bibi anayetoka kanisani kumwuliza anasemaje kuhusu Shakahola na kama anaikana. Ndivyo ilivyopasa. Nikajiuliza tu, basi hawa watu wanajua kutenganisha. Hawakufundishwa na semina yoyote. Wanajua kwa sababu wamekulia ndani ya makanisa, wana shangazi mlokole na mjomba Mkatoliki, tofauti wanazijua kwa kuishi.

Kwa Uislamu hawana shangazi. Mpango wa kubadilishana, ukiwa mzuri, ni kumtafutia mwandishi shangazi.

---

Bi_Mkomani

Mwambao, hilo la shangazi nimelichukua. Nafasi yenyewe mimi naitaka, masharti tutaelewana.

---

Tanga_Raha

Wakuu, nipo Tanga, mtangazaji wa redio ya jamii. Mada nzuri ila naona mnazungumza kama watu waliokwishapata. Sisi ambao hatujafika popote tunaombaje hizi nafasi? Kuna jamaa WhatsApp ananiambia nilipe "ada ya usajili" ya mpango wa Murrow. Ni kweli?

---

Shela_hadi_Missouri

Tanga Raha, USILIPE. Mpango wa Murrow hauna fomu ya kuomba. Uko chini ya International Visitor Leadership Program, na huko washiriki wanapendekezwa na ubalozi wa Marekani katika nchi yao. Ubalozi unakujua kwa kazi yako: unahudhuria mikutano yao na waandishi, unasikika, wanakuita. Anayekuuzia fomu anakuibia.

Za kuomba mwenyewe zipo. Alfred Friendly, iliyoanzishwa miaka ya themanini na siku hizi iko karibu na chuo cha uandishi cha Missouri, inachukua waandishi walio bado na umri wa kupanda. Reuters Institute ya Oxford wao wanataka uje na mradi wa kuchunguza, na Kiingereza kiwe imara. Chevening ya Uingereza ina ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili. Zote unaziombea kwenye tovuti zao wenyewe, hakuna wakala. Na barua ya mhariri wako inahitajika mara nyingi, kwa hiyo usimgombeze mwezi wa maombi.

Ila ujue pia upepo umebadilika. Machi 2025 amri ya rais wa Marekani iliwapeleka wafanyakazi wa VOA, Sauti ya Amerika inayolipwa na serikali ile, likizo ya lazima, na mashirika mengi yaliyoishi kwa pesa ile yakaingia mashakani. Usijenge maisha juu ya mwaliko mmoja.

Sasa nije kwenye mada, maana mimi nimekwenda. Mpango wangu siutaji. Niliwekwa katika gazeti la mji wa kati ya Marekani, mahali ambapo theluji ni habari kuu. Nilidhani nitaandika kuhusu Uislamu. Mhariri akanipa bodi ya shule. Bajeti ya mabasi ya wanafunzi, wazazi wakipigana kwa maneno juu ya paa la ukumbi wa mpira wa kikapu. Nilikasirika, nikadhani ananidharau. Kumbe ndiyo heshima: alinipa kazi ya mwandishi, hakunipa kazi ya Mwislamu.

Ramadhani ikaingia tukiwa na mkutano wa mchana wenye vipande vya piza mezani. Wenzangu wakaanza kuuliza, maswali ya kitoto kabisa, hata maji? Hata ukiwa na kiu? Sikutoa hotuba. Nilikuwa naandika habari ya mabasi huku nimefunga, na habari ikatoka kwa wakati. Wiki ya pili mhariri akauhamisha mkutano asubuhi, hakusema kwa nini. Baadaye gazeti lilipotaka kuandika kuhusu Wasomali walioko Minneapolis, mtaa wa Cedar-Riverside, aliniuliza la kufanya. Nikamwambia mtume mwandishi wako yule yule wa bodi ya shule, aanze na shule wanazosoma watoto wao. Makala ikatoka na wazazi ndani yake, wanalalamikia mabasi. Mabasi!

Ubaya ulikuwa kurudi. Wiki ya kwanza kazini Kenya niliitwa ofisini, nikapigwa picha na cheti, nikaambiwa hongera. Wiki ya pili nikarudishwa kwenye kuhesabu maiti za ajali. Hakuna aliyeniuliza nilijifunza nini. Mpango unalipia nauli ya kwenda na kurudi, haulipii nafasi ya kukaa ukirudi.

---

Kisu_cha_Siyu

Shela umenipunguzia ukali kidogo, si wote. Naona bado mnasifia mipango kwa hadithi za mtu mmoja mmoja: Bi Mkomani na mgeni wake, wewe na mhariri wako, yule wa Albania. Watu wema wapo kila mahali hata bila mipango. Mpango wenyewe umefanya nini? Onyo la wasafiri kuhusu Lamu lilikaa miaka na miaka. Mwandishi gani wa kubadilishwa aliliondoa?

---

Shela_hadi_Missouri

Hakuna. Na mwandishi akianza kufanya kazi ya kuondoa maonyo ya wasafiri amekuwa mtu wa bodi ya utalii. Mimi sitaki aje aandike Lamu ni salama. Aandike tu kilichopo, pamoja na kile tunachokificha.

---

Mzee_Pate

Wanangu, nimesoma yote, mato yameniuma.

Mnazungumza kama kwamba uandishi ni kitu cha kuletewa. Mwaka wa 1930, Mvita pale, Shekhe Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake, Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Kairo. Haya, si kubadilishana huko? Fikra zilitoka Misri zikaya pwani kwa meli, hapakuwa na ubalozi wala posho. Na shekhe hakuandika kuwaeleza wazungu sisi ni nani. Aliwaandikia Waislamu wenziwe, akawakaripia kwa uvivu wa elimu, kwa kupoteza mali arusini, kwa kuwaacha watoto wa kike bila kusoma. Baadaye akawa Kadhi Mkuu.

Mimi ndiyo naona upungufu. Leo mui wetu hauna hata karatasi moya ya kwake. Mgeni akiya anauliza, tunajibu. Akenda zake, tunangoja mwengine. Kijana wa Lamu aende Marekani, vyema. Aende Nairobi, vyema. Lakini akirudi aandike wapi? Kwa nani? Mwana Langoni analipwa kwa stori na watu wa nti kavu, na wao ndio wanaochagua stori.

---

Mwana_Langoni

Shikamoo mzee. Hapo umenifikisha nilikokuwa nakwenda polepole.

Basi niweke pendekezo mezani, halafu mlipasue. Kubadilishana kwa humu humu nchini. Mwandishi mmoja au mhariri wa habari kutoka Nairobi akae Lamu mwezi mzima, si wa sherehe, mwezi wa kawaida. Asipewe ratiba. Aandike bei ya samaki, foleni ya hospitali, kesi za ardhi, mechi za mtaani. Wakati huo huo mwandishi wa Lamu akae kwenye kiti chake Nairobi, dawatini, aone ukurasa unavyopangwa saa tano za usiku na kwa nini picha ya punda hushinda. Wakimaliza kila mmoja ana namba za simu za upande wa pili, na zinapokelewa.

Gharama? Hakuna viza, hakuna tiketi ya Atlantiki. Nauli ya basi, boti ya Mokowe, chumba na chakula. Mfadhili akitaka kusaidia asaidie, lakini jambo lenyewe lisimtegemee.

---

Dawati_la_Usiku

Nauli si tatizo. Tatizo ni mwezi. Hakuna chumba cha habari Nairobi chenye mtu wa ziada siku hizi, tumepunguzwa mpaka mfupa. Mwezi hautakubaliwa. Wiki mbili nitaweza kuibeba mbele ya mhariri wangu, nikisema atarudi na mfululizo wa makala tano. Na huyo wa Lamu akija kukaa dawatini, analipwa na nani? Kwa stori? Dawatini huandiki stori, unarekebisha za wenzako. Hataweza kula.

---

Kisu_cha_Siyu

Mmeona? Mlipofika kwenye pesa yetu wenyewe, wiki mbili zinakuwa nyingi.

---

Mwambao_Malindi

Kisu, mwache mtu. Angalau ametaja wiki, wengine wangetaja kamati.

Dawati, anzeni na mtu wa upande mmoja. Wewe mwenyewe una likizo?

---

Dawati_la_Usiku

Ninayo. Nimelimbikiza.

Nilikuwa nimepanga kwenda kwetu Nyeri kuona shamba. Lakini sawa. Siku kumi naweza, na sitakuja kama gazeti, nitakuja kama mtu. Mwana Langoni, utanipokea? Nikikaa hotelini nitarudi na machweo.

---

Mwana_Langoni

Hotelini hukai. Kwangu pamejaa watoto, hutalala. Bi Mkomani?

---

Bi_Mkomani

Kwa kaka yangu, mtaa wa Gadeni, kuna chumba cha juu, kina feni, maji hupanda usiku. Atalipa chakula tu, na asubuhi atakwenda sokoni na kaka, si kwa kutazama, kwa kubeba.

Asilete kaptura. Asije wiki za Maulidi, maana hata wenyewe tunalala kwa zamu, godoro halipatikani. Na kabla hajampigia simu mzee yeyote kumwuliza lolote, aje amsalimie kwanza, akae, anywe kahawa yake yote.

---

Dawati_la_Usiku

Kahawa yote. Nimeandika. Nitakutumia tarehe inbox.